Mila ya Bia Ilianza kwa Kujaribu

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wa Bavaria Wilhelm wa Nne na nduguye Ludwig wa Kumi walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hadi leo amri hiyo hutajwa Ujerumani kila mpika bia anapotaka kutia kiungo kipya. Ukiisoma yenyewe, hata hivyo, utaona imejaa habari za bei: bia iuzwe kiasi gani majira ya baridi na kiasi gani majira ya joto. Wanahistoria wengi wanaona pia kwamba shayiri ilitajwa ili ngano ibaki kwa waoka mikate. Hamira haimo, kwa kuwa kazi yake haikuwa imefahamika. Ilichukua muda mrefu kueleweka: mwanasayansi Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya bia mwaka 1876. Ngano nayo haikukaa nje muda mrefu: ukoo mmoja wa makabaila ulipewa kibali cha kuipikia bia, kisha mwaka 1602 watawala wakaitwaa haki hiyo wao wenyewe, ikawaletea mapato makubwa.

Kwa hiyo kinachoitwa mila hapa ni majibu ya watu kwa shida za wakati wao, na shida zilipobadilika, majibu yalibadilika. Bia ya rangi ya dhahabu inayonywewa leo Munich na Dar es Salaam ilizaliwa mwaka 1842 mjini Plzeň, pale mpika bia Josef Groll alipokutanisha maji laini ya mji ule, kimea cheupe na hamira ya Bavaria inayofanya kazi kwenye baridi. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, alifaulu kutenga hamira safi. Majaribio hayo mawili ndiyo yanayotetewa sasa kama urithi.

Afrika inatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 1988 Nigeria ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri, na viwanda vikageukia mtama na mahindi. Mtama ni mgumu kwa mpika bia wa kiwandani: wanga wake huhitaji joto kubwa zaidi ili uive, vimeng'enya vyake vya kugeuza wanga kuwa sukari ni vichache, tena hauna maganda ya kusaidia kuchuja. Ilibidi vimeng'enya vinunuliwe na mitambo irekebishwe. Wahandisi waliona wamevumbua jambo, ilhali akina mama vijijini walikuwa wakipika pombe ya mtama tangu zamani. Mbege ya Wachagga inaonyesha ujuzi wa namna hiyo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, huachwa siku kadhaa zichachuke, huchujwa, kisha maji yake huchanganywa na uji uliopoa wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe huleta uchungu, kazi ambayo huko Ulaya hufanywa na hopsi. Hakuna aliyefika kwenye mchanganyiko huo bila kuonja, kukosea na kurudia.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza kanuni ni kuwaachia njia wenye kutia sumu. Hofu hiyo ina msingi: pombe yenye methanoli imeua na kupofusha watu Kenya zaidi ya mara moja. Lakini atiaye methanoli hajaribu pombe mpya, anamficha mnywaji kilichomo. Dawa ya kuficha ni ukaguzi na lebo ya kweli. Mwaka 1987 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoizuia Ujerumani kukataa bia za nje zenye viungo vingine, hoja yake ilikuwa hiyohiyo: mnunuzi aambiwe kilichomo, achague mwenyewe.

Pingamizi la heshima lina uzito zaidi kwangu. Mbege huletwa kwenye mahari na kwenye kupatanisha waliogombana, na pale wazee wana haki ya kupata kile wanachokijua. Haki hiyo inalinda jina la mbege. Haimzuii kijana wa Moshi kupika kitu kingine. Akitia embe kwenye mtama, aandike embe na mtama kwenye chupa. Asiyetia ulezi atafute jina jingine la kinywaji chake.