Mgonjwa Hasubiri Mkutano

Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, jirani hahitaji kuhubiriwa huruma mtu anapougua sana. Mianzi miwili hukatwa, blanketi au kiti kikafungwa katikati, na kipoyi kinaondoka: wanne mabegani, wengine wakitembea kando kungojea zamu, na mwanamke mmoja nyuma akibeba sufuria, mkeka na vitenge vya kubadilisha. Penye njia nzuri kidogo kazi hiyo hufanywa na motari, yaani dereva wa pikipiki, mgonjwa akikaa kati yake na ndugu anayemshika asianguke. Hata hivyo wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Nadhani kasoro haimo katika upendo wa watu, imo katika saa ambayo msaada huanza na namna unavyogawanywa. Jamii zetu ni hodari wa kubeba mgonjwa na hodari zaidi wa kuchangia kilio. Siku za mwanzo za ugonjwa, ambapo msaada ungeokoa zaidi, ndizo ambazo hakuna aliyezipangia.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichambua vifo vya wajawazito katika nchi maskini, wakataja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kipoyi hupambana na wa pili tu. Wa kwanza hutokea ndani ya nyumba: baba yuko machimboni Rubaya na simu haipatikani, mama hawezi kuuza mbuzi bila idhini yake, watoto wadogo hawana wa kuwaangalia, basi kila mtu anasema tungoje kesho tuone. Kesho hiyo ina bei. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24 isipotibiwa. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, jaribio la dawa lililofanywa chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake lilionyesha kwamba kila siku iliyopita tangu dalili kuanza iliongeza hatari ya kufa. Waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, wakapewa mojawapo ya dawa mbili zilizofanya vizuri, takriban tisa kati ya kumi walipona.

Wapo watakaouliza: hospitali kuu ya rufaa ya Masisi inasaidiwa na Médecins Sans Frontières tangu 2007, na matibabu yake ni bure, sasa jirani achangie nini? Ukweli ni kwamba kitanda cha bure hakimlipi motari, hakipalilii maharagwe wala hakimlishi mtoto aliyebaki kijijini. Tena mgonjwa wa huku haendi hospitali peke yake. Lazima awe na ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza usiku, na ndugu huyo naye anakula. Tazama wajawazito wenye hatari wanaoshauriwa kusogea karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Ushauri huo ni sahihi kabisa, na unaweza kumwepusha mama na safari ya usiku huku damu ikimtoka. Lakini mwanamke mwenye shamba linalongoja mikono yake na watoto wanaongoja bugari (ugali) atauitikia tu ikiwa mtu mwingine ameshakubali kuyabeba hayo. Bure ya hospitali humfaa yule ambaye majirani zake wamelipa gharama zilizobaki.

Kwa hiyo kuhamasisha msaada kuna maana ya kugawa kazi kabla ya ugonjwa kuja. Zipo kazi tano, na kila moja ina mwenye kuifanya. Wa kwanza ana ruhusa ya kuamua safari mwenye nyumba asipokuwepo. Wa pili anaijua njia na ana namba za wamotari na orodha ya wabebaji. Wa tatu anakwenda kumlinda mgonjwa, naye ana wa kumpokea baada ya siku kadhaa. Wa nne anabaki na watoto na shamba. Wa tano anashika simu: anakusanya ahadi za michango na kupeleka habari, ili mlinzi wa mgonjwa asijibu maswali ya watu ishirini usiku kucha. Mpango huu una mfano karibu nasi. Kigezi, ng'ambo tu ya mpaka katika Uganda, vyama vya engozi vilianza kama vikundi vya majirani wa kubebana kwenda hospitali, na vingine vikawa na akiba ya pamoja. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya, ilisajili familia kupitia vyama hivyo hivyo, kwa sababu watu walikuwa tayari wamezoea kuaminiana humo. Kwetu mlango kama huo upo: likelemba (kikundi cha kuchangishana fedha kwa zamu), AVEC (chama cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana), shirika la parokia, kikundi cha akina mama wa kanisa au wa msikiti.

Pingamizi zito zaidi ni vita. Kigezi ya 1996 haikuwa Masisi ya Januari 2025, mapigano yalipofika katikati ya mji na maelfu ya watu wakakimbilia hospitalini kutafuta usalama, wala Walikale ya Machi mwaka huo huo, mapigano yalipofika huko nako. Kikundi kitapangaje kazi wakati wanachama wake wametawanyika kambini, na benki zimefungwa kama zilivyofungwa za Goma mwisho wa Januari 2025? Nakubali kwamba sanduku la fedha taslimu kijijini ni kumwita mwizi mwenye bunduki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mchango inafaa iwe ahadi na nguvu kazi: siku mbili za kupalilia, nafasi moja begani, kopo la unga. Fedha kidogo zinazohitajika zinaweza kukaa katika simu za watu kadhaa hadi siku ya haja. Ahadi haziporwi barabarani, na aliyehamia kambini anaweza kuungana na majirani wapya wa kambi hiyo. Vita vinapunguza kiasi tunachoweza kupeana. Haviondoi faida ya kujua mapema nani atatoa nini.

Lipo pia swali la magonjwa ya kuambukiza, ambapo umati wa wapendwa unaweza kuwa hatari. Ebola ilifundisha kwamba kumtenga mgonjwa bila kumnyima ndugu zake kunawezekana: mjini Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu vilivyoitwa CUBE, familia ikamwona mgonjwa wake na kuzungumza naye bila kumgusa. Ugonjwa kama kifua kikuu unadai aina nyingine ya uaminifu, kwa kuwa dawa zake humezwa miezi sita. Wiki ya kwanza wageni hujaa. Mwezi wa nne amebaki mke au binti peke yake, na mara nyingi ni yeye anayeugua kwa uchovu. Zamu iliyoandikwa inamlinda huyo pia, na inawataka wanaume wabebe zaidi ya mianzi.

Kujipanga hakuifutii serikali wajibu wa barabara, dawa na usalama. Kikundi chenye orodha ya wagonjwa na siku walizochelewa kinaweza kumwonyesha daktari mkuu wa zoni ya afya kwamba daraja fulani au kituo fulani kisicho na dawa kimegharimu maisha. Mkutano ujao wa likelemba, kabla ya kugawa fedha, unaweza kutenga nusu saa kuandika majina matano. Hayo yakiwa tayari, siku homa itakapopanda, familia haitaanza kwa kutafuta nani aitwe.