Sahihi, Hati na Lafudhi: Ushahidi wa Utambulisho wa Wabajuni Pasipo Nyaraka

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa uchunguzi wa kijinai wanavyobaini sahihi za kughushi na hati zilizobadilishwa, kisha yanaonyesha kinachotokea pale ambapo hati za kuaminika hazipo. Mfano unaotumika ni wa Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake, ambao tangu 1991 wengi wao wamelazimika kuthibitisha asili yao ughaibuni kwa matamshi yao. Hoja kuu ni kwamba lugha ikitumiwa kama hati, sharti ikaguliwe kwa masharti yale yale yanayoongoza ukaguzi wa hati.

1.0 Utangulizi

Visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Koyama, Chovai na Chula, vimepangana sambamba na pwani kuanzia kusini ya Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Wakazi wake ni wavuvi na mabaharia wanaosema Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, ambacho ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili. Wabajuni wengine wamo upande wa Kenya, katika visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu na bara iliyo mkabala navyo. Mpaka wa leo uliikata jamii iliyokuwa moja: eneo la Jubaland lilikuwa chini ya Uingereza hadi 1925, lilipokabidhiwa Italia.

Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya kwa majahazi na mashua, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya. Huko waliulizwa swali lililo rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: una hati gani ya kuonyesha kwamba wewe ni mtu wa Somalia? Ili kuelewa ugumu wa swali hilo, yafaa kwanza kueleza hati hukaguliwaje.

2.0 Misingi ya ukaguzi wa sahihi na hati

Tangu Albert S. Osborn alipochapisha kitabu chake kuhusu hati zenye kutiliwa shaka mwaka 1910, taaluma hii imejengwa juu ya ulinganishi. Mkaguzi huchukua sahihi inayobishaniwa na kuiweka kando ya sahihi kadhaa zinazojulikana kwa hakika kuwa za mhusika. Kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna mtu atiaye sahihi mara mbili kwa namna ile ile kabisa. Kila mwandishi ana upeo wake wa mabadiliko. Kwa hiyo sahihi mbili zinazolingana nukta kwa nukta huzidisha shaka badala ya kuiondoa, kwa kuwa huenda moja imefuatishwa juu ya nyingine.

Kanuni ya pili inahusu mwendo wa mkono. Anayeandika jina lake haangalii herufi. Mkono huenda kwa kasi, wino ukakolea na kufifia kwa kufuata msukumo wa kalamu. Anayeghushi huchora. Mstari wake hutetemeka, kalamu huinuliwa mahali pasipotarajiwa, mianzo na miisho huwa butu, na mara nyingine huonekana mahali alipojisahihisha. Hata hivyo mtetemo peke yake si ushahidi wa kughushi, kwani uzee, ugonjwa na baridi pia hutetemesha mkono. Ndiyo maana sampuli za kulinganishia hazina budi kuwa za kipindi na hali zinazokaribiana na zile za hati inayobishaniwa.

Hati iliyobadilishwa hukaguliwa kwa njia nyingine. Wino mbili zinazofanana machoni huweza kutofautiana chini ya miali ya infraredi, na hivyo tarakimu iliyoongezwa baadaye ikajitenga na zile za awali. Mwanga wa urujuanimno huonyesha mahali palipofutwa kwa kemikali. Mashine ya umemetuli huibua alama za maandishi yaliyokandamizwa kutoka kwenye karatasi iliyokuwa juu.

Mbinu zote hizi zinategemea sampuli halisi. Mwaka 1983 gazeti la Kijerumani Stern lilitangaza kupata shajara za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walikuwa wamezithibitisha, lakini baadhi ya sampuli walizopewa za kulinganishia zilikuwa zimeandikwa na mghushi yule yule, Konrad Kujau. Mwandiko ulilingana kwa sababu mkono ulikuwa mmoja. Ukaguzi wa karatasi ndio uliofichua hila, kwa kuwa ilikuwa na kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutumika baada ya vita. Kipimo kikiharibika, vyote vinavyopimwa kwacho huharibika.

3.0 Hati zisipokuwa na mwenyewe

Somalia baada ya 1991 ilikosa kipimo hicho. Pasipoti ziliendelea kuchapishwa na kuuzwa, na soko la Bakaaraha mjini Mogadishu likawa mashuhuri kwa biashara hiyo. Uingereza na nchi nyingine kadhaa ziliacha kuzitambua pasipoti za Somalia zilizotolewa baada ya Januari 1991. Mkaguzi aliweza kueleza wino na karatasi ya pasipoti, lakini hakukuwa na ofisi ya kumwonyesha sahihi ya afisa aliyeidhinishwa wala daftari la kuthibitisha namba. Tofauti baina ya hati halisi na ya bandia ilikuwa imepoteza maana yake ya kisheria.

Kwa Wabajuni hali ilikuwa ngumu zaidi. Mvuvi wa Chovai hakuhitaji cheti ili kujulikana na jirani zake. Alijulikana kwa ukoo wake, kwa kisiwa chake na kwa usemi wake. Mamlaka za uhamiaji za Ulaya zilipokosa hati, ziliugeukia usemi huo. Mwombaji wa hifadhi alirekodiwa akizungumza, mara nyingi kwa simu, na kampuni binafsi kama Sprakab ya Sweden ikatoa ripoti kuhusu mahali ambapo lugha yake yaelekea kutoka.

4.0 Lafudhi kama hati

Msingi wa kiisimu wa kazi hiyo upo. Derek Nurse wa Chuo Kikuu cha Memorial, Kanada, ameandika kwa upana kuhusu Kibajuni, na kitabu alichokitoa pamoja na Thomas Hinnebusch mwaka 1993 kinaeleza mahali pake miongoni mwa lahaja za Kiswahili. Sifa yake inayojulikana zaidi ni kwamba /t/ ya Kiswahili sanifu huwa /ch/: mtu huwa mchu, na tatu huwa chachu. Majina ya visiwa yenyewe yanabeba alama hiyo, kwani Chovai na Chula huandikwa pia Tovai na Tula. Lakini kuna mkondo wa pili unaokwenda kinyume: kama katika lahaja nyingine za kaskazini, macho huwa mato.

Hapa ndipo ulinganifu na sahihi unapodhihirika. Mwigaji aliyeijua kanuni ya kwanza tu ataigeuza kila /t/ kuwa /ch/ na kuiacha kila /ch/ ya Kiswahili sanifu ilivyo. Mzawa hafuati kanuni kwa kuifikiria. Ameyapokea maneno yakiwa yamekwisha kupangika. Mwigaji huchora sauti kama mghushi achoravyo herufi, na kujisahihisha kwake huacha alama.

Hata hivyo tahadhari zile zile zinahusika. Mzawa wa Koyama aliyeishi Mombasa miaka kumi huenda akasema mtu badala ya mchu, hasa anapohojiwa na mkalimani anayetumia Kiswahili sanifu. Kufuata usemi wa mwenzako ni adabu ya mazungumzo, na mtu aliye mbele ya afisa ana sababu zaidi ya kutaka kueleweka. Usemi wake umebadilika kama sahihi ya mgonjwa ibadilikavyo, na kuuita wa kughushi ni kukosea upeo wa mabadiliko. Mtoto aliyekulia Kenya baada ya wazazi wake kukimbia atasema Kiswahili cha Kenya, na uraia wake hautabadilika kwa sababu hiyo. Aidha, Kibajuni husemwa pande zote mbili za mpaka. Maneno ya mkopo kutoka Kisomali, au ya Kiitaliano yaliyopitia Kisomali, yaweza kuashiria upande wa kaskazini, lakini kutokuwepo kwake katika mahojiano mafupi hakuthibitishi lolote.

Kwa sababu hizo wanaisimu 19 walitoa mwongozo mwaka 2004 wakisisitiza kwamba uchambuzi wa lugha hauwezi kuthibitisha uraia. Unaweza tu kusaidia kukadiria mahali mtu alipolelewa kijamii.

5.0 Msimamo wa mahakama

Mwaka huo huo, katika shauri la KS, baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza liliagiza kwamba dai la mtu kuwa Mbajuni wa Somalia lipimwe kwa mambo yasiyopungua matatu: ujuzi wa Kibajuni, ujuzi wa Kisomali kulingana na maisha yake, na ujuzi wa maisha ya Wabajuni nchini humo. Hakuna hata moja lililofanywa kuwa la kukata shauri peke yake.

Mwaka 2010, katika shauri la RB lililomhusu pia mtu aliyejitambulisha kuwa Mbajuni, baraza la ngazi ya juu liliona kwamba ripoti za Sprakab zilistahili uzito mkubwa. Tarehe 21 Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika mashauri ya MN na KY, ilirekebisha mwelekeo huo. Ilisema kwamba ripoti hizo hazistahili kupewa uzito wa jumla mapema, kwamba mchambuzi abaki ndani ya utaalamu wake wa lugha badala ya kutathmini ujuzi wa mwombaji kuhusu nchi, na kwamba hitimisho lake lionyeshe sababu zinazoweza kuchunguzwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mbajuni ambaye usemi wake umesomwa vibaya huambiwa kwamba yeye ni Mkenya au Mtanzania, na anaweza kubaki bila nchi yoyote inayomkubali. Uzito wa kosa hilo unadai hatua nne. Kwanza, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vikusanye na kuhifadhi sampuli za Kibajuni kutoka kila kisiwa, kwa rika na jinsia tofauti, zikiwemo za waliohamia Lamu na Mombasa. Bila hazina hiyo mchambuzi analinganisha usemi na kumbukumbu yake tu. Pili, mahojiano yafanywe na msemaji wa Kibajuni, na mwombaji aelezwe waziwazi kwamba lahaja yake ndiyo inayotakiwa. Tatu, ripoti itaje historia ya uhamaji ya mhusika na itoe kiwango cha uwezekano badala ya hukumu. Nne, mtu aliyechambuliwa apewe nakala ya rekodi ili mtaalamu wa upande wake aisikilize.

Masharti haya si mageni. Ni yale ambayo mkaguzi wa sahihi hutakiwa kuyatimiza hata pale kinachobishaniwa kinapokuwa hundi moja ya benki.