Ndege wa Kivu: macho kwanza, telefone baadaye

Wamama, mkishuka na watoto kando ya Kivu siku ya Mungu, telefone ibaki kwanza mfukoni. Mdiria, yule mweusi na mweupe, husimama hewani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe na kutoka na sambaza mdomoni. Aliyeinamia kioo anamkosa. Mwulizeni mtoto: kifuani ana mikanda mingapi? Miwili ni dume. Mmoja, tena uliokatika katikati, ni jike. Akishajibu, fungueni programu ya Merlin. Ni ya bure, na mkiipakua nyumbani inatambulisha ndege bila mega. Sauti zake msizipige karibu na kiota, ndege anaweza kuacha mayai. Ufuko wetu nao huteremka ghafla: mmoja akishika telefone, mwenzake aangalie watoto tu.