Mraba na Pembe Yake

Wasikilizaji, tuseme mkulima wa Tandahimba ana shamba la mikorosho lenye umbo la mraba: safu 10, na kila safu miti 10, jumla miti 100. Ataka kulikuza lipate safu 13, kila safu miti 13. Anunue miche mingapi? Mwenye haraka husema: 10 mara 10 ni 100, 3 mara 3 ni 9, basi miche 9 yatosha. Akienda hivyo shambani atapungukiwa na miche 60, na mvua haimngoji mtu.

Twaeni kijiti mkachore mchangani. Mraba wa kwanza ni miti 100. Upande wa mashariki zaongezwa safu 3 za miti 10, yaani 30. Upande wa kusini vivyo hivyo, 30. Pembeni pamebaki pengo dogo la 3 mara 3, yaani 9. Jumla ni 169, nayo ndiyo 13 mara 13.

Sasa tuweke herufi x mahali pa 10, kwani shamba la jirani halina ukubwa huo huo. Twapata x² + 6x + 9, nayo ni sawa na (x + 3)². Lile fungu la katikati, 6x, ni zile safu za ubavuni, nalo ndilo wanalolisahau wanafunzi wengi.

Mkipewa mafungu matatu, mtajuaje kuwa ni mraba kamili? Tazameni la kwanza na la mwisho. Kila moja liwe limetokana na kitu kilichozidishwa kwa chenyewe, kitu hicho tukiite shina, tena lisiwe na alama ya kutoa. Zidisheni mashina hayo mawili, kisha mara mbili. Likitokea fungu la katikati, mmepata. Mathalan 4x² + 12x + 9: mashina ni 2x na 3, yakizidishwa ni 6x, mara mbili ni 12x. Basi ni (2x + 3)². Katika x² − 14x + 49 alama ya katikati ndiyo iingiayo mabanoni: (x − 7)².

Lakini x² + 10x + 16 hudanganya macho. Mashina ni x na 4, na mara mbili yake ni 8x, si 10x. Hilo ni shamba la mstatili: (x + 2)(x + 8).

Kuchora huku ni kwa zamani sana. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina la kitabu chake limetupa neno aljebra, alichora hivi yapata mwaka 820, ingawa yeye aliandika kwa maneno matupu bila herufi x. Swali lake lilikuwa x² + 10x = 39. Aliigawa 10x vipande viwili vya 5x, akaviweka ubavuni mwa mraba, akaona pembe iliyo wazi ya 5 mara 5. Akaongeza 25 pande zote mbili: (x + 5)² = 64. Basi x + 5 ni 8, na x ni 3.

Jaribuni haya mawili: 9x² + 24x + 16, na x² + 20x + 64. Moja tu ni mraba.