Mama wa kambo aliyemlea Abraham Lincoln

KATIKA hadithi nyingi wanazosimuliwa watoto, mama wa kambo ndiye mtesaji. Maisha ya familia ya Thomas Lincoln, mkulima na seremala wa Marekani, yanaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 1816, Thomas alihama Kentucky na kwenda kuanza maisha mapya katika misitu ya Indiana. Alikuwa na mkewe, Nancy, na watoto wawili, Sarah na Abraham. Mtoto wao wa tatu alikuwa amefariki akiwa mchanga. Walifyeka msitu, wakajenga nyumba ya magogo, wakalima mahindi na kuwinda. Ng'ombe waliachwa wajitafutie malisho porini.

Balaa lilianzia hapo. Majani yalipopungua mwishoni mwa kiangazi, ng'ombe walikula mmea wenye maua meupe unaoota kwenye vivuli vya miti. Sumu yake ilipita hadi kwenye maziwa. Aliyeyanywa aliishiwa nguvu, akatapika, akaumwa tumbo vibaya na mwisho kupoteza fahamu. Walowezi waliuita ugonjwa wa maziwa, na hawakuwa na dawa yake.

Mwaka 1818 ugonjwa huo uliwaua mama mdogo wa Nancy na mumewe, waliokuwa wakiishi jirani. Oktoba 5 Nancy naye akafariki, akiwa na miaka 34. Thomas alitengeneza jeneza kwa mikono yake. Inasimuliwa kuwa Abraham, aliyekuwa na miaka tisa, alichonga vigingi vya mbao vya kulifungia.

Kazi za jikoni zikamwangukia Sarah, binti wa miaka 11. Zaidi ya mwaka mmoja nyumba hiyo ilikaa bila mama.

Desemba 2, 1819, Thomas alifunga ndoa Kentucky na Sarah Bush Johnston, mjane mwenye watoto watatu, mwanamke aliyemfahamu tangu zamani. Mama huyo alipofika Indiana alikuta nyumba yenye sakafu ya udongo na watoto wachafu, wenye nguo zilizochakaa. Hakuanza kwa kulalamika. Aliwaogesha, akawavisha vizuri, akatandika matandiko aliyokuja nayo, na akamtaka mumewe aweke sakafu ya mbao.

Ndani ya nyumba hiyo ndogo sasa waliishi watu wanane, pamoja na binamu wa Nancy aliyefiwa na walezi wake katika mlipuko ule. Mama hakuwagawa watoto kuwa wangu na wako. Wote walikula chungu kimoja na kulelewa kwa malezi yaleyale.

Yeye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, alipoona Abraham anapenda vitabu, alihakikisha kijana hasumbuliwi anaposoma, ingawa shambani kazi zilikuwa nyingi.

Msiba haukuishia kwa Nancy. Januari 1828, dada yake Abraham alifariki akijifungua, akiwa na miaka 20. Kati ya watoto wote aliowazaa Nancy, akabaki Abraham peke yake. Mwaka 1830 familia ilihamia Illinois, na Thomas alifariki huko mwaka 1851.

Abraham hakumsahau mama aliyemlea. Mwanzoni mwa mwaka 1861, akiwa amechaguliwa kuwa Rais wa Marekani, alisafiri kwenda kumuaga kabla ya kuelekea Washington. Hawakuonana tena. Rais aliuawa kwa risasi Aprili 1865, na mama huyo aliishi hadi mwaka 1869.

Kwa mzazi aliyeingia katika nyumba yenye watoto waliofiwa, kuna la kujifunza hapa. Sarah Bush hakuweza kumrudisha Nancy. Alichoweza ni maji ya kuoga, nguo safi, kitanda chenye joto na kuwatendea watoto wote kwa usawa. Kwa mtoto wa miaka kumi aliyemzika mama yake, hayo yalitosha kumfanya ajione tena ana nyumbani.