Mashine Inayovuja: Chunguza Maji Kabla ya Kushika Spana

Mashine ya kufulia ikianza kuacha dimbwi sakafuni, wenye nyumba wengi hukimbilia kusema imekufa, au humpigia simu fundi aje aifungue. Kwa mahali kama Kwa Vonza, haraka hiyo hugharimu pesa bure. Mji huu ulio kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui una wanafunzi na wapangaji wengi kwa sababu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, lakini maji yake ni yale yale ya Ukambani: haba na yenye madini. Mito kama Tiva hutiririka msimu wa mvua tu. Kiangazi kikifika, watu hutegemea visima, maji ya kufukuliwa mchangani, na mitungi ya lita 20 inayouzwa. Mashine iliyotengenezewa maji safi ya mfereji wenye nguvu inapoingizwa katika hali hiyo, si ajabu ivuje. Na kasoro yenyewe mara nyingi iko kwenye maji na jinsi yanavyoingia.

Tazama valvu ya kuingizia maji. Ndani yake mna kiwambo cha raba ambacho hufunga kwa kusaidiwa na msukumo wa maji yenyewe. Chembe ya mchanga ikikwama hapo, maji hupenya polepole hata mashine ikiwa imezimwa, hadi yafurike. Tangi linaloilisha mashine nalo likiwa chini, msukumo hupungua: kila mita moja ya kimo hutoa takriban bar 0.1, hivyo tangi lililoinuliwa mita mbili haliifikii bar 0.3 ambayo baadhi ya watengenezaji huitaka kama kiwango cha chini, na kiwambo huenda kisifunge sawasawa. Sabuni pia ina lake. Maji ya kisima yenye chokaa huzuia povu, kwa hiyo watu huzoea kuongeza kipimo. Mvua zikinyesha, tangi likajaa maji laini ya paa, kipimo kile kile huumua povu likatokea kwenye droo ya sabuni, na zaidi ikiwa ni sabuni ya kufulia kwa mikono. Hapo hakuna kilichoharibika. Kinachotakiwa ni kupunguza sabuni, au kutumia ile ya mashine.

Ndiyo maana ushahidi wa kwanza ni wakati wa kuvuja. Maji yakionekana mashine inapojaa, kagua paipu ya kuingizia, washa yake ya raba, vichujio vidogo vya valvu na droo. Washa ndiyo inayozuia maji pale paipu inapofungwa, si nyuzi za chuma. Iliyokauka au kupasuka hubadilishwa, kisha paipu ikazwe kwa mkono na kuongezewa kidogo tu kwa koleo. Yakitoka mbele mashine inapozunguka, futa raba ya mlango, kunjua mikunjo yake na utafute mchanga, sarafu au mpasuko. Yakitoka wakati wa kumwaga, angalia kama kifuniko cha chujio la pampu kimekazwa na kama paipu ya maji machafu imechomoka.

Wapo watakaosema umeme na maji ni hatari. Ni kweli, na umeme wa volti 240 hauna mzaha: kama dimbwi limefika kwenye waya au soketi, zima kwanza umeme wa nyumba kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga hapo, kisha chomoa plagi na ufunge mfereji. Lakini ukaguzi nilioutaja hauhitaji kufungua mwili wa mashine. Wengine watasema kazi ya fundi aachiwe fundi. Naam, ipo iliyo yake: mashine ikinguruma inapokamua na maji yenye kutu yakadondoka chini ya ngoma, huenda sili na beringi zimekwisha, na kuzibadilisha ni kuibomoa karibu mashine nzima. Ila mwenye nyumba aliyekwisha kuondoa sababu ndogo humweleza fundi lini na wapi inavuja, wala hamlipi nauli ya kutoka Kitui mjini kuja kukaza paipu.

Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba mashine kuukuu haifai kusumbukiwa, heri kununua mpya. Hoja hiyo ina nguvu beringi zinapokufa, kwa maana gharama yake yaweza kukaribia bei ya mashine iliyotumika. Kwa makosa mengine haisimami, kwa sababu mashine mpya itaunganishwa na tangi lile lile, itapokea mchanga ule ule, na itavuja kwa sababu zile zile. Anayefua kwa maji ya kununua hupoteza mara mbili: maji yenyewe, na mashine ya pili. Kwa hiyo shilingi za kwanza ziende kwenye chujio la mchanga kati ya tangi na mashine, za pili kwenye washa na paipu, na tangi liinuliwe pale inapowezekana. Baada ya hapo, kama dimbwi bado lipo, ndipo fundi aitwe.