Sefu ya Nyumbani: Chuma Hulinda Mali, Maandishi Hulinda Amana

Baada ya maziko ya mmoja wa wazee wa mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kamati ya msikiti iliitwa nyumbani kwake na mjane pamoja na watoto. Chumbani palikuwa na sefu ya chuma aliyoinunua miaka kadhaa nyuma. Wote walijua kuwa imo hati ya nyumba, imo dhahabu ya mama, na imo bastola aliyoimiliki kwa leseni kwa ajili ya ulinzi wa duka lake. Lisilojulikana lilikuwa moja tu: namba ya kuifungulia.

Fundi alihangaika nayo tangu baada ya Adhuhuri hadi ikakaribia Magharibi. Mlango ulipofunguka, bastola ilikutwa na risasi ndani yake, imelazwa juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa bangili na mikufu. Mjane akasema kwamba si vyote vilivyomo ni vyake. Vingine ni vya majirani wawili waliomwekea mumewe amana. Lakini hapakuwa na karatasi, hapakuwa na alama, wala hapakuwa na shahidi. Bastola ilikabidhiwa polisi siku ile ile. Dhahabu ilituchukua wiki tatu za vikao, na tunakiri kuwa si kila mtu aliondoka akiwa ameridhika.

Hatuyaandiki haya kumlaumu marehemu, kwani alikuwa mwaminifu na ndiyo maana watu walimwamini. Tunayaandika kwa sababu tangu siku ile familia nyingi zimekuwa zikituuliza ni sefu ipi inayofaa kununuliwa. Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu kadiri tunavyoelewa. Hata hivyo, lina swali jingine nyuma yake: siku tutakapoondoka, nani ataifungua, na atajuaje kipi ni cha nani?

Kuhifadhi ni sehemu ya dini

Wapo wanaodhani kuwa kufunga mali kwa kufuli ni upungufu wa tawakkul. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Akatufundisha pia tufunge milango na tuzime taa za moto usiku tunapolala. Na alipohama Makka aliwekewa njama ya kuuawa, lakini alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma ili azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Tuzingatie jambo hili: amana zile zisingeweza kurejeshwa kama isingejulikana ipi ni ya nani.

Moto au mwizi?

Anayekwenda dukani aamue kwanza anajilinda dhidi ya nini, kwa sababu sefu ya moto na sefu ya wizi si kitu kimoja. Sefu ya moto ina kuta zilizojazwa vitu vyenye unyevu ambao hugeuka mvuke wakati wa joto kali na kuchelewesha joto lisiingie ndani. Aghalabu huandikwa inastahimili dakika 30 au 60. Kipimo kinachotumika sana kwa karatasi ni kwamba joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi. Vifaa vya kuhifadhia picha na kumbukumbu za kompyuta ni dhaifu zaidi. Kipimo chao ni nyuzi 52 tu. Kwa hiyo sefu iliyookoa hati ya shamba yaweza kuharibu flashi iliyo kando yake.

Sefu ya wizi, kwa upande wake, husifiwa kwa unene wa chuma, uimara wa mlango na ubora wa kufuli. Nyingine huwa na alama za vipimo vya Ulaya: EN 14450 kwa zile nyepesi, na EN 1143-1 kwa zilizo imara zaidi. Sefu isiyo na alama yoyote ya kupimwa, mnunuzi aelewe kuwa anategemea neno la muuzaji peke yake. Mwenye hati nyingi na dhahabu kidogo atangulize moto; mwenye vito vingi atangulize wizi; mwenye uwezo atafute iliyopimwa kwa yote mawili.

Lakini sefu ndogo, hata ikiwa imara, ikiachwa juu ya kabati huwa imemrahisishia mwizi: ataibeba na kwenda kuivunja kwa nafasi yake. Ifungwe kwa bolti kwenye sakafu au ukuta wa zege, kupitia matundu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na sisi wa pwani tusisahau unyevu wa bahari. Tuweke ndani vifuko vya kunyonya unyevu, tutie hati katika bahasha za plastiki, na tuifungue mara kwa mara ipate hewa.

Kufuli ya namba hutumia betri, nayo huisha. Namba iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kwani hiyo ndiyo itakayojaribiwa kwanza. Ufunguo wa dharura usifungiwe ndani ya sefu yenyewe. Tumeliona hilo kwa macho yetu.

Silaha ina hukumu yake

Mwenye leseni ya bunduki au bastola asichanganye silaha na vito. Kila anayefungua kuchukua bangili atakuwa ameifikia silaha, akiwemo kijana aliyemwona mama akibonyeza namba. Silaha itolewe risasi na ihakikiwe, ifungiwe mahali pake, na risasi zifungiwe mahali pengine kwa ufunguo mwingine. Mtume alimwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Ikiwa mshale mkononi mwa mtu mzima umewekewa tahadhari hiyo, vipi bastola yenye risasi katika nyumba ya watoto?

Familia ijue pia kuwa leseni ni ya mtu aliyepewa, wala hairithiwi kama shamba. Mwenyewe akifariki, polisi waarifiwe mara moja, na mtoto yeyote asiichukue kwa kisingizio cha ukumbusho wa baba.

Daftari ndani ya chuma

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndani ya kila sefu liwemo daftari: kitu gani, cha nani, kimewekwa lini. Kila amana itiwe katika mfuko wake wenye jina, na mwenye amana apewe nakala iliyotiwa saini. Imethibiti katika hadithi kuwa haimfalii Muislamu mwenye cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Basi namba ya sefu iwe sehemu ya maandishi hayo: iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa, na ikabidhiwe mtu mwaminifu asiyeishi katika nyumba hiyo.

Daftari hilo lina faida nyingine. Dhahabu ya akiba iliyofikia nisabu, takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, ina zaka. Kuhusu mapambo yanayovaliwa wanazuoni wamekhitalifiana, na kila mmoja amuulize shekhe wake. Ila dhahabu isiyoandikwa ni rahisi kusahauliwa, na zaka yake ikasahauliwa pamoja nayo.

Tumalizie kwa kujihesabu wenyewe. Tuliporudi kutoka katika kile kikao cha mwisho, tuliangalia kasha la fedha la msikiti wetu. Ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwa mtu mmoja, na daftari lilikuwa nyumbani kwake. Tulikuwa tunawasuluhisha wenzetu katika kosa ambalo nasi tulikuwa nalo. Sasa kasha lina funguo mbili kwa watu wawili, halifunguliwi ila wote wawepo, na daftari husomwa mbele ya kamati kila mwezi. Tunaiomba kila familia ifanye mfano wa hayo wiki hii, hata kama mali yote iliyopo yaenea katika kopo moja.

Wabillahi tawfiq.